Shahada ya Sheria na Nafasi za Kazi: Mwanafunzi wa Kiswahili Ana Fungu Gani?

Utangulizi

Kila mara matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa nchini Kenya, watahiniwa bora huulizwa mbele ya kamera wangependa kusomea nini. Majibu yao yamezoeleka: udaktari, uhandisi, sheria. Ni nadra mno kumsikia mtahiniwa aliyepata alama ya A katika Kiswahili akisema kwamba angependa kuwa mfasiri, mkalimani au mhariri. Baadhi yetu wanachama wa chama hiki tumewahi kuulizwa na jamaa zetu, tena kwa nia njema, ni kipi kilichotufanya tukipite Kitivo cha Sheria tukaishia katika Idara ya Kiswahili. Wengine wangali mwaka wa kwanza na wanatafuta uhamisho waende huko.

Swali hilo halistahili kujibiwa kwa hamaki, wala kwa kusema tu kuwa bura yangu sibadili na rehani. Linastahili kuchunguzwa. Je, shahada ya sheria humfaidi vipi kikazi anayeisomea? Je, mwenye kukienzi Kiswahili ana fungu lolote katika faida hizo?

Makala haya yanadhamiria kubainisha mambo mawili. La kwanza ni kwamba manufaa ya shahada ya sheria ni mapana kuliko uwakili unaofikiriwa na wengi, ingawa njia ya kuyafikia ni ndefu na ina gharama zake. La pili, ambalo ndilo kiini cha makala haya, ni kwamba hapa Kenya pana pengo mahali ambapo sheria hukutana na lugha ya mwananchi. Pengo hilo haliwezi kuzibwa na mwanasheria asiyekimudu Kiswahili, wala na mjuzi wa Kiswahili asiyeijua sheria.

Shahada Yenyewe na Safari ya Uwakili

Elimu ya sheria ya kiwango cha chuo kikuu si kongwe katika eneo letu. Kitivo cha kwanza kilifunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961, na kwa miaka kadhaa kiliwafunza Watanzania, Wakenya na Waganda pamoja. Dkt. Willy Mutunga, aliyekuwa Jaji Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 2011 hadi 2016, ni mmoja wa Wakenya waliopata shahada yao ya kwanza huko. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kitivo chake mwaka 1970, na Chuo Kikuu cha Moi kikafuata mwaka 1994. Baadaye vyuo vingine, vya umma na vya kibinafsi, viliingia katika uwanja huo.

Shahada ya kwanza ya sheria huchukua miaka minne. Mwanafunzi husoma sheria ya katiba, sheria ya jinai, sheria ya mikataba, sheria ya ardhi, sheria ya familia na urithi, sheria ya kazi, sheria ya ushahidi, falsafa ya sheria na mengineyo. Hata hivyo, anayehitimu miaka hiyo minne bado si wakili. Hapa ndipo wengi hupotoka. Shahada humfanya mtu kuwa msomi wa sheria. Haimpi idhini ya kumtetea mtu mahakamani kwa malipo, wala ya kumwandalia mteja hati ya kuhamisha umiliki wa ardhi. Kazi hizo Sheria ya Mawakili imewatengea mawakili walioidhinishwa.

Ili aidhinishwe, mhitimu hujiunga na Chuo cha Sheria cha Kenya kwa mafunzo ya uwakili, ambako husoma masomo tisa ya kiutendaji. Miongoni mwayo ni uendeshaji wa kesi za madai na za jinai, mirathi, uandishi wa hati za kisheria, na maadili ya taaluma. Mitihani yake husimamiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Aidha, hutumikia uanagenzi wa miezi sita chini ya wakili mwenye uzoefu. Akiyatimiza hayo yote ndipo huapishwa mbele ya Jaji Mkuu na jina lake likaingizwa katika orodha ya mawakili. Hata baada ya hapo, sharti awe na cheti cha kuendesha kazi kinachotolewa upya kila mwaka.

Lipo jambo moja katika safari hiyo ambalo halina budi kumvutia mwanachama wa chama cha Kiswahili. Sheria ya Chuo cha Sheria cha Kenya ya mwaka 2012, ilipoorodhesha sifa za kujiunga na mafunzo ya uwakili, ilitaja alama ya wastani ya C+ katika mtihani wa Kidato cha Nne pamoja na alama ya B katika Kiingereza au Kiswahili. Masharti hayo yamezua kesi kadhaa mahakamani tangu yalipowekwa, na anayetaka kujiunga hana budi kuuliza masharti ya mwaka wake. Lakini neno lile "au" lina uzito wake. Bunge lilikubali kwamba ufasaha wa Kiswahili ni ushahidi tosha wa uwezo wa kilugha unaohitajika na wakili.

Milango Inayofunguliwa na Shahada

Baada ya kuitazama safari, na tuitazame milango. Mlango wa kwanza ni ule unaojulikana na wote, yaani uwakili na utumishi wa mahakama. Wakili aweza kuajiriwa, kushirikiana na wenzake, au kufungua afisi yake mwenyewe hata katika mji mdogo. Aweza pia kuomba kazi ya uhakimu. Kwa mujibu wa Kifungu cha 166 cha Katiba ya mwaka 2010, anayetaka kuwa jaji wa Mahakama Kuu au wa Mahakama ya Rufaa sharti awe na tajiriba isiyopungua miaka kumi, na wa Mahakama ya Juu isiyopungua miaka kumi na mitano. Anayeanza leo, basi, anapanda mti ambao matunda yake ya juu huchumwa baada ya muda mrefu.

Mlango wa pili ni utumishi wa serikali. Afisi ya Mwanasheria Mkuu na ile ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma huwaajiri wanasheria. Bunge la Taifa na Seneti huwahitaji waandishi wa miswada. Tume za kikatiba, kama zile za ardhi, haki za kibinadamu na uchaguzi, zina idara zao za sheria. Fauka ya hayo, ugatuzi ulizaa serikali 47 za kaunti, kila moja ikiwa na bunge lake linalotunga sheria. Mwaka 2020 ilipitishwa sheria iliyounda afisi ya mwanasheria wa kaunti. Kazi ambazo zamani zilikuwa Nairobi pekee sasa zinapatikana Lodwar, Wajir na Kwale.

Mlango wa tatu ni sekta ya kibinafsi. Benki, kampuni za bima, vyama vya akiba na mikopo, na mashirika ya simu huwahitaji watu wa kusoma mikataba na kuhakikisha kuwa sheria zinafuatwa. Kupitishwa kwa Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 kulizidisha haja hiyo, kwani kila shirika linalohifadhi habari za wateja lilitwikwa wajibu mpya. Wapo pia wahitimu wa sheria wanaofanya mitihani ya ziada wakawa makatibu wa kampuni, na wengine wanaoingia katika usimamizi wa wafanyakazi, ambako sheria ya kazi ni chakula cha kila siku. Nyingi za nafasi hizo hazimlazimu mtu kuwa wakili. Shahada na bidii hutosha kumwanzisha.

Mlango wa nne ni utatuzi wa migogoro nje ya utaratibu wa kawaida wa kesi. Mahakama zetu zilianza kupeleka baadhi ya kesi kwa wapatanishi mwaka 2016. Mwaka 2021 Mahakama ya Madai Madogo ilianza kazi Milimani, Nairobi. Hushughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na sheria inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60. Anayedai aweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Waamuzi wake, hata hivyo, ni mawakili.

Mlango wa tano, ambao wasomi wa fasihi hawafai kuupuuza, ni uandishi na uchapishaji. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 humlinda mtunzi wa kazi ya fasihi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki kwake. Ni waandishi wangapi wa riwaya na tamthilia za Kiswahili wanaolijua hilo wanapotia sahihi mkataba na mchapishaji? Ni wangapi wanaoelewa tofauti kati ya kuuza haki zote kwa malipo ya mara moja na kupokea mrabaha wa kila nakala? Mwanasheria anayeijua fasihi angewafaa waandishi wetu kuliko mashairi mengi ya kulalamika.

Ukiyatazama yote haya utagundua kwamba kinachouzwa sokoni si karatasi ya shahada. Ni ustadi: kusoma maandishi marefu na kuchambua lililo muhimu, kulipima neno moja kwa maana zake zote, kujenga hoja na kuikabili hoja ya mpinzani, na kuandika bila kuacha mwanya wa kueleweka vibaya. Mwanafunzi wa uhakiki na wa isimu ataona kuwa stadi hizo si ngeni kwake. Tofauti ni kwamba fasihi hulisherehekea neno lenye maana tatu, ilhali mkataba huliogopa.

Lugha ya Mahakama na Lugha ya Mshtakiwa

Sasa tuligeukie pengo tulilolitaja. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema kwamba Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ndizo lugha rasmi. Hata hivyo, Kifungu cha 198 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai kimeitenga lugha ya Mahakama Kuu kuwa Kiingereza, na ya mahakama za chini kuwa Kiingereza au Kiswahili. Sheria ya kesi za madai ina masharti kama hayo. Aidha, Kifungu cha 259 cha Katiba yenyewe kinaeleza kuwa matini ya Kiingereza na ya nyinginezo zikitofautiana, ya Kiingereza ndiyo itakayoshika. Kwa ufupi, Kiswahili kimekaribishwa mlangoni lakini hakijapewa kiti cha mbele.

Kwa upande mwingine, Katiba hiyohiyo inamlinda asiyejua Kiingereza. Kifungu cha 49 kinataka mtu anayekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa. Kifungu cha 50 kinampa mshtakiwa haki ya mkalimani bila malipo ikiwa haielewi lugha ya kesi. Kabla ya hapo, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1973, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki iliweka utaratibu ambao mahakama zetu huurejelea hadi leo. Shtaka na vipengele vyake vyote sharti vielezwe kwa lugha ya mshtakiwa au kwa lugha anayoielewa. Jibu lake liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha maelezo ya kisa yasomwe, naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuyafafanua.

Je, utaratibu huo una uhusiano gani na ufasaha wa lugha? Chukua mfano wa mshtakiwa anayesomewa shtaka la kumjeruhi mwenzake, akajibu: "Ni kweli nilimpiga, lakini yeye ndiye aliyenijia na panga." Mkalimani mwenye haraka akiyatafsiri maneno matatu ya kwanza pekee, itaandikwa kuwa mshtakiwa amekiri. Lakini maneno yaliyosalia ni utetezi kamili, maana sheria inamruhusu mtu kujikinga. Uzito wa kosa hilo ni mkubwa: Kifungu cha 348 cha sheria tuliyoitaja kinamzuia aliyekiri katika mahakama ya chini kukata rufaa kuhusu hatia yake, aweza kulalamikia adhabu tu, isipokuwa aweze kuonyesha kwamba kukiri kwake hakukuwa dhahiri. Kiunganishi "lakini" kikidondoka, mtu aweza kwenda gerezani.

Mfano wa pili unahusu istilahi. Sheria yetu inatofautisha njia mbili za kumwachilia mshtakiwa kesi yake ikiendelea. Katika njia moja huweka fedha taslimu mahakamani. Katika nyingine hutia sahihi ahadi ya kiasi fulani cha fedha, mara nyingi akiwa na mdhamini mwenye mali, na fedha hizo hudaiwa tu iwapo atatoroka. Katika Kiswahili cha kila siku zote mbili huitwa dhamana. Waandishi wa habari wamejaribu kuzitenganisha kwa kusema "dhamana ya pesa taslimu" na "bondi". Nikiwa nahudhuria vikao vya mahakama moja ya hakimu kwa ajili ya utafiti, nilimwona mama mmoja akimwuliza karani mara tatu kama hiyo dhamana ya mwanawe ni ya kulipa au ni ya kuandika. Karani alimjibu kwa adabu kwamba dhamana ni dhamana. Mama yule hakuwa mjinga; lugha aliyopewa haikuwa imekamilisha kazi yake.

Mfano wa tatu unahusu ardhi, chanzo cha kesi nyingi mashambani. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inataka mauzo ya shamba la kilimo yapate idhini ya bodi ya ardhi, na ombi la idhini lipelekwe katika muda wa miezi sita tangu mkataba ufanywe. Lakini mkataba wenyewe huandikwa kwa Kiingereza, na muuzaji au mnunuzi huenda akaweka alama ya kidole gumba chini ya maneno asiyoweza kuyasoma. Wakili anayeweza kumwandikia mteja wake maelezo ya kurasa mbili kwa Kiswahili sanifu na kinachoeleweka humwepusha na hasara. Naye hujijengea jina, kwani mteja aliyeelewa hurudi, tena huja na jirani yake.

Sheria kwa Kiswahili Si Jambo Geni

Huenda msomaji akadhani kuwa kuiunganisha sheria na Kiswahili ni ndoto ya wapenzi wa lugha. Historia inakataa. Katika pwani yetu, makadhi wameamua kesi za ndoa, talaka na mirathi za Waislamu kwa karne nyingi, na hoja za wadai husikizwa kwa Kiswahili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia mwaka 1937 hadi alipofariki mwaka 1947, alikuwa mwandishi na mhariri wa magazeti ya Kiswahili mjini Mombasa. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyeishika kazi hiyo baadaye, anakumbukwa kwa tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili. Watu hao hawakuona kuwa kuimudu sheria na kuimudu lugha ni njia mbili zinazotengana.

Bara nako kuna funzo. Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumike Bungeni. Wabunge wakaanza kujadiliana kwa Kiswahili, lakini miswada iliendelea kuandikwa kwa Kiingereza. Mbunge alikuwa na waraka wa lugha moja mkononi na hotuba ya lugha nyingine kinywani. Kabla ya mwongo huo kwisha, Kiingereza kilikuwa kimerudishwa katika mijadala. Sababu za kisiasa zilikuwepo, lakini uhaba wa watu wa kuandika sheria kwa Kiswahili haukusaidia. Amri pekee haiandiki muswada. Huandikwa na watu waliofunzwa.

Majirani zetu wa Tanzania wamepiga hatua ndefu zaidi. Mwaka 1968 Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam kilikuwa tayari kimetoa orodha ya istilahi za sheria kwa Kiswahili. Mahakama za mwanzo nchini humo zimekuwa zikiendeshwa kwa Kiswahili kwa miaka mingi. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya utoaji haki katika mahakama zote, Kiingereza kikibakizwa kwa hali maalumu. Mwaka huohuo Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ameandika uamuzi kwa Kiswahili akiwa katika Mahakama Kuu mjini Musoma, aliteuliwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufaa, na Rais John Magufuli akamsifu hadharani kwa kazi hiyo. Kwa jaji huyo, umilisi wa Kiswahili haukuwa pambo la kando la taaluma yake.

Upeo unapanuka hata nje ya mipaka ya nchi moja moja. Arusha ni makao ya Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki na ya Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Mwaka 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za jumuiya, na mwaka 2022 Umoja wa Afrika ukakipitisha kuwa lugha ya kazi. Katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague, kesi ya Wakenya iliyoanza kusikizwa mwaka 2013 ilihitaji wakalimani wa Kiswahili, kwani baadhi ya mashahidi walizungumza lugha hiyo. Mikataba, kanuni na hukumu za taasisi hizi zikihitajika kwa Kiswahili, nani atakayeziandika? Mfasiri asiyejua tofauti ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia hafai kukabidhiwa hukumu ya mauaji.

Gharama na Tahadhari

Si haki kuyataja manufaa na kuzificha gharama. Ukijumlisha miaka minne ya shahada, mwaka wa mafunzo ya uwakili na miezi sita ya uanagenzi, bila kuhesabu muda wa kusubiri, mtu huhitaji takriban miaka sita kabla ya kuwa wakili. Karo ya mafunzo ya uwakili ni nzito kwa familia ya kawaida. Kuna wanaoanguka mitihani na kuirudia. Kuna wanaotafuta nafasi ya uanagenzi kwa muda mrefu, na wakiipata hulipwa kidogo au wasilipwe kabisa. Idadi ya vitivo vya sheria imeongezeka, na wahitimu wameongezeka pia, hasa jijini Nairobi. Anayeingia kwa kuvutiwa na suti na magari ya mawakili wachache mashuhuri huenda akavunjika moyo mapema.

Tahadhari ya pili ni kuhusu chuo chenyewe. Kabla ya kulipa karo, mwanafunzi hana budi kuthibitisha kwamba chuo kimeidhinishwa na Baraza la Elimu ya Sheria kufundisha shahada hiyo. Ya tatu ni ya nafsi. Asiyependa kusoma kurasa nyingi, asiyestahimili kurudia waraka mmoja mara tano, wala asiyeweza kuitunza siri ya mtu, ataiona kazi hii kuwa adhabu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini kwanza ahakikishe kuwa anachokitaka kimo mvunguni humo.

Ushauri kwa Wanachama

Kutokana na tuliyoyaeleza, tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, kwa mwanachama wa mwaka wa kwanza anayetamani kuhamia sheria: ikiwa una alama zinazohitajika na moyo wa kazi hiyo, nenda, lakini usikiache Kiswahili kwenye ukumbi wa usajili. Endelea kuandika na kusoma kwacho. Utakapomaliza, utawakuta wenzako wengi wanaojua sheria na wachache sana wanaoweza kuieleza kwa Kiswahili.

Pili, kwa anayebaki katika Idara ya Kiswahili: si lazima uwe wakili ndipo ufaidike na sheria. Mahakama, Bunge, mabunge ya kaunti na mashirika ya msaada wa kisheria huhitaji wakalimani, wafasiri na wahariri. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016 imewatambua pia wasaidizi wa kisheria, ambao huwaelimisha wananchi kuhusu haki zao. Jifunze angalau misingi ya sheria ya jinai na ya mikataba. Hukumu na sheria za Kenya zinapatikana bila malipo katika intaneti kupitia Baraza la Kitaifa la Taarifa za Sheria.

Tatu, kwa mhitimu wa Kiswahili ambaye tayari ana shahada ya kwanza: baadhi ya vyuo vikuu huwapokea wenye shahada nyingine kusomea sheria. Huu ni mzigo wa miaka na fedha, na haumfai kila mtu. Hata hivyo, kwa anayeweza kuubeba, mchanganyiko huo ni adimu.

Nne, kwa watafiti wenzangu: istilahi za sheria ni shamba ambalo limelimwa kidogo upande huu wa mpaka. Tasnifu moja juu ya ukalimani katika mahakama za hakimu, au juu ya namna mikataba ya ardhi inavyoelezwa kwa wakulima, ina uwezekano wa kusomwa na jaji na karani pia, si mtahini pekee.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba shahada ya sheria hufungua milango mingi: mahakamani, serikalini, katika kaunti, katika biashara, katika upatanishi na katika uchapishaji. Yameonyesha vilevile kuwa milango hiyo haifunguki kwa jina la shahada, bali kwa ustadi unaopatikana kwa muda mrefu na kwa gharama. Zaidi ya hayo, yamebainisha kuwa Katiba yetu imemwahidi mwananchi haki kwa lugha anayoielewa, ilhali watu wa kuitimiza ahadi hiyo bado ni wachache.

Kwa hiyo, anayetuuliza kwa nini tulichagua Kiswahili badala ya sheria ameyatenganisha mambo mawili ambayo mshtakiwa aliye kizimbani angependa kuyaona pamoja. Kazi ipo, na inawangojea watakaojiandaa kuifanya. Kizazi chetu cha wanafunzi kinaweza kuanza kujiandaa sasa, kabla ya amri nyingine ya kutumia Kiswahili kutolewa na kukuta hakuna wa kuiandikia muswada.